Konservateri ni Nani?

Jumapili moja, baada ya mafundisho, mama mmoja alibaki nyuma akingoja wengine watoke. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo: "Mwalimu, nikienda kwa padri kuungama, je, yanipasa kuungama na makala ya Parki?"

Mama huyu anakaa hapa Kibati, karibu na mpaka wa Parki ya Virunga. Ana watoto, shamba lake ni dogo, na nusu ya shamba ni mawe ya volkano. Siku ambazo chungu hakina kitu, hupanda pamoja na wengine mpaka msituni, hukata miti, huchoma makala, na kuyauza kwa watu wanaoyapeleka Goma.

Nilitaka kumjibu upesi. Lakini nilikumbuka ya kuwa katika benchi lile lile la kanisa, nafasi mbili tu kutoka kwake, hukaa mama mwingine ambaye ni mjane wa mlinzi wa Parki. Mumewe aliuawa kazini. Jibu langu lilipaswa kuwa jibu ambalo akina mama wote wawili wangeweza kulisikia. Basi nikamwambia, "Mama, nipe siku chache nifikiri." Maneno haya, wasomaji wapenzi, ndiyo niliyoyafikiri.

Maana ya jina

Kwetu neno konservateri lajulikana hata na watoto. Ukisema, "Konservateri amefika," watu hufikiri mara moja juu ya mkubwa wa Parki, mwenye magari na walinzi wenye bunduki. Wenye viwanja hufikiri juu ya mwingine, yaani konservateri wa ofisi ya ardhi, anayetunza vitabu vya hati. Na waliofika miji mikubwa wanajua kwamba hata nyumba ya makumbusho ina konservateri wake, ambaye kazi yake ni kutunza ngoma, vinyago na vitu vya wazee visiliwe na wadudu. Watu watatu, kazi tatu, jina moja. Kwa nini?

Jina lenyewe latoka katika Kilatini. Servare maana yake ni kutunza, kulinda, kuokoa kitu kisipotee. Con huongeza nguvu: kutunza kabisa, kutunza kitu kizima pamoja na sehemu zake zote. Basi kwa asili ya jina lake konservateri si mkubwa, wala si askari, wala si tajiri. Ni mtunzaji tu. Na mtunzaji hutambulikana kwa alama tatu.

Alama ya kwanza: kitu anachokitunza si chake. Mwenye mali husema, "Changu." Mtunzaji husema, "Nimekabidhiwa." Konservateri wa ardhi haandiki viwanja kwa jina lake, na konservateri wa Parki hana haki ya kukata hata fito moja ya kujengea zizi lake. Siku anapoanza kusema "changu," amekwisha kuacha kazi, hata kama bado anavaa kofia yake.

Alama ya pili: anatunza kwa ajili ya watu wasiokuwapo. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka, moto ukashuka mpaka Goma, ukafunika sehemu kubwa ya mji, hata Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu likaharibika. Tarehe 22 Mei 2021 ukashuka tena, ukafukia nyumba nyingi katika vijiji vya eneo letu la Nyiragongo. Fikiri, ndugu msomaji: alama za mpaka zimefunikwa, ua umeteketea, njia haionekani. Mwenye nyumba amekimbia, au amekufa, na watoto wake ni wadogo. Ni nani atakayesema, "Hapa ni pa fulani"? Ni kitabu, pamoja na mashahidi wa kweli. Anayeshika kitabu kile anawasemea wasioweza kusema. Akipokea fedha na kubadili mstari mmoja, ameiba kwa kalamu kile ambacho volkano haikuweza kukiteketeza.

Alama ya tatu: atatoa hesabu. Amepokea kutoka kwa waliomtangulia, na lazima awape watakaomfuata, bila kupunguza.

Kazi ya konservateri wa Parki

Sasa tutazame jirani yetu mwenyewe. Parki ilianzishwa tarehe 21 Aprili 1925, wakati wa Mfalme Albert wa Ubelgiji, ikaitwa Parki Albert. Mwanzoni ilikuwa eneo dogo tu la milima ya volkano, kwa ajili ya ngagi, yaani gorila wa milimani. Baadaye ikaongezwa mara kwa mara, hata leo ni karibu kilomita za mraba 7,800. Mwaka 1969 ikapewa jina la Virunga. Mwaka 1979 UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa dunia nzima, na mwaka 1994, kwa sababu ya vita na taabu za miaka ile, ikaiandika pia katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Kazi ya konservateri wake ni nyingi. Huongoza walinzi na kuwapanga katika doria. Hulinda mipaka, huondoa mitego, na huangalia hesabu ya wanyama. Husema na machifu na wananchi kabla ugomvi haujawa vita. Huwapeleka wakosaji mbele ya hakimu, kwa maana yeye si hakimu. Na wakati wa amani hupokea wageni, wale ambao kwa miaka mingi walianza safari yao katika kituo chetu cha Kibati ili kupanda mpaka kilele cha Nyiragongo, mita 3,470, na kutazama moto.

Je, kazi hii ina matunda? Mwaka 1981 ngagi wa milima yote ya Virunga, katika nchi zetu tatu za Kongo, Rwanda na Uganda, walikuwa wamebaki 254 tu. Hesabu ya mwaka 2015 na 2016 iliwakuta 604. Katika miaka hiyo tulipata vita, wakimbizi, kipindupindu na njaa, hata hivyo ngagi wameongezeka zaidi ya mara mbili. Hawakuongezeka bure. Walinzi zaidi ya 200 wa Virunga wamekufa kazini tangu Parki ilipoanzishwa.

Mtunzaji wa kwanza

Katika seminari tulifundishwa neno moja la Mtakatifu Tomaso wa Akwino ambalo nalilipenda tangu siku ile. Husema kwamba Mungu hakuumba vitu kama fundi anavyojenga nyumba, akaondoka, na nyumba ikabaki imesimama yenyewe. Mungu hushika kila kitu kila dakika kisirudi katika utupu. Mfano wake ni hewa na jua: hewa ina nuru muda wote jua linapoiangaza, na jua likiondoka, nuru haibaki hewani hata kidogo. Kazi hii ya Mungu yaitwa kwa Kilatini conservatio. Naam, ni neno lile lile.

Basi Konservateri wa kwanza ni Mungu mwenyewe. Naye alipomweka mtu katika bustani, kama tunavyosoma katika Kitabu cha Mwanzo, alimpa kazi mbili na siyo moja: kuilima na kuilinda. Anayelima bila kulinda, atakula leo na kesho atalia. Anayelinda bila kuruhusu mtu yeyote alime, amesahau kwamba bustani ilitolewa kwa ajili ya watu. Na Kaini, alipoulizwa juu ya Abeli, alijibu kana kwamba kumtunza ndugu si kazi yake. Kwa hiyo Maandiko Matakatifu yanatuonyesha tangu kurasa za mwanzo mambo mawili ya kutunzwa, bustani na ndugu. Hatuwezi kuchagua moja na kuliacha la pili.

Baba Mtakatifu Fransisko alituandikia mafundisho hayo mwaka 2015 katika barua yake Laudato Si', na misitu ya bonde la Kongo aliitaja wazi, akiihesabu kuwa mapafu ya dunia. Naye alifariki tarehe 21 Aprili 2025, siku ile ile Parki yetu ilipotimiza miaka mia moja kamili.

Swali la makala

Sasa turudi kwa yule mama. Wengi hapa kwetu husema: "Je, mnyama ni bora kuliko mtu? Mtoto wangu analia njaa, nao wanalinda miti." Neno hili lina uzito, tusilicheke. Mtoto mmoja wa Kibati ana roho isiyokufa, na ngagi wote pamoja hawana. Lakini wanaosema hivi husahau kwamba msitu haulindwi kwa ajili ya wanyama peke yao. Msitu hushika udongo wa mlima usichukuliwe na mvua, nao ni akiba ya watoto wa watoto wetu. Tena mlinzi wa kweli hatengi mtu na mti. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, waliuawa walinzi 12 pamoja na dereva mmoja wa Parki na raia 4. Walinzi wale hawakufa wakitetea mti wala mnyama. Walikuta gari la raia limeshambuliwa, wakaenda kusaidia.

Wengine husema: "Wabelgiji hawakuwauliza wazee wetu. Walichora mpaka wakawatoa watu mashambani. Basi si wizi kurudisha kilicho chetu." Hili nalo lina ukweli. Kuna jamaa walioondolewa wakati Parki ilipoongezwa, na haki yao haifi kwa sababu ya miaka. Lakini ndugu wawili wakigombania ng'ombe, kumchinja ng'ombe si hukumu. Dhuluma ya zamani yadai malipo, yadai mipaka iliyo wazi, yadai kazi na mwanga kwa majirani wa Parki. Haidai tuwanyang'anye watoto ambao hawajazaliwa, kwa maana hao hawakutudhulumu.

Je, basi ni dhambi? Tutenganishe mambo, kama tulivyofundishwa.

Mtakatifu Tomaso afundisha kwamba mali ya dunia iliwekwa kwa ajili ya mahitaji ya watu wote, na kwamba mtu aliye katika shida ya mwisho, asiye na njia nyingine, hafanyi wizi akichukua kitu cha kuokoa uhai wake. Mwaka 2008 wakimbizi walijaa hapa Kibati katika mahema. Tangu 2022 mpaka mwanzo wa 2025 walijaa Kanyaruchinya, wengi wakilala juu ya mawe. Mama wa kambini aliyeokota au kukata kuni apate kumpikia mtoto uji, sitamwita mwizi, na sidhani kama Mungu atamwita hivyo.

Lakini shida hii ina mipaka yake. Lazima iwe shida ya kweli, ya leo, isiyo na njia nyingine, na mtu achukue kiasi cha kumtosha tu. Kuchoma tanuru baada ya tanuru, kujaza gunia baada ya gunia kwa ajili ya mwenye lori, hiyo si shida ya mwisho tena. Ni biashara ya kitu kilichokabidhiwa kwa wote. Na kati ya mambo haya mawili kuna njia ndefu, ambayo yule mama anaitembea akiwa na mzigo mgongoni, asijue amefika wapi. Ndiyo sababu aliniuliza. Heri yeye aliyeuliza, maana wengi wenye hatia kuliko yeye hawaulizi.

Ni akina nani hao? Ni mtu mwenye silaha anayedai ushuru kwa kila gunia. Ni tajiri ambaye hajawahi kushika shoka, lakini faida humfikia nyumbani. Ni mlinzi anayepokea fedha na kugeuza uso. Sheria hukamata mgongo uliobeba, lakini Mungu hutazama mikono yote.

Nao mlinzi mwenye kugeuza uso hatia yake ni kubwa zaidi, kwa sababu yeye alikabidhiwa. Mwezi wa Julai 2007, katika msitu wa Virunga, familia moja ya ngagi ilipigwa risasi, dume pamoja na majike. Hawakuliwa wala hawakuuzwa. Watu wengi waliona chanzo chake katika biashara ya makala: wafanyabiashara waliona ngagi ndio sababu msitu unalindwa. Mwaka 2008 mmoja wa wakubwa wa Parki wa wakati ule akakamatwa akituhumiwa kuhusika. Sisi si mahakimu wake. Lakini tuhuma yenyewe iliwatetemesha watu, maana mwizi akiingia zizini tunapiga kelele, bali mchungaji akituhumiwa tunakosa hata pa kupeleka kelele zetu.

Konservateri aliye Mwenyeheri

Mwezi ule ule wa Julai 2007 Mungu alitupa mfano mwingine, hapa hapa Goma. Kijana Floribert Bwana Chui, mwenye umri wa miaka 26, alikuwa akifanya kazi katika shirika la serikali la kukagua bidhaa zinazopita mpakani. Ililetwa shehena ya mchele ulioharibika. Wenye mchele wakamtolea fedha ili aupitishe. Akakataa, kwa sababu alijua mchele ule utaliwa na watu maskini na kuwadhuru. Wakamteka nyara, wakamwua. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenyeheri na mfiadini.

Hakuwa na cheo cha konservateri. Lakini tupime kwa alama zetu tatu. Mchele haukuwa wake, na ruhusa ya kuupitisha haikuwa yake ya kuuza. Aliowatunza hawakuwapo: hakuwajua kwa sura wala kwa jina, nao mpaka leo hawajui ya kuwa waliokolewa. Na hesabu yake ameitoa, imekubaliwa. Alikuwa ofisini tu, na karatasi na muhuri. Basi tusifikiri kwamba mtunzaji ni lazima awe na bunduki. Silaha ya mtunzaji ni neno moja gumu, nalo ni "hapana," likisemwa kwa ajili ya mtu asiyekuwapo.

Lakini "hapana" peke yake haitoshi. Konservateri anayemwambia mama maskini "hapana" siku zote, asimtafutie "ndiyo" hata moja, ametunza bustani na kumsahau ndugu. Kwa hiyo nasifu kila jitihada inayojaribu kutunza yote mawili. Mwaka 2007 shirika la WWF lilianzisha katika Kivu ya Kaskazini mpango wa EcoMakala, wakulima wapande miti ya kuchoma makala katika mashamba yao wenyewe. Mwaka 2015 kituo cha umeme cha Matebe, kwa upande wa Rutshuru, kilianza kutoa umeme kwa nguvu ya mto. Hayo hayajamaliza shida yetu, kila anayepita njia ya Goma anaona magunia. Lakini yanaonyesha kwamba kulima na kulinda si maadui.

Jibu langu

Baada ya siku chache nilimwita yule mama. Nikamwambia: "Mama, mwambie padri jambo lenyewe lilivyo. Mwambie ni mara ngapi, kwa ajili ya nini, na kama ulikuwa na njia nyingine. Lililofanywa kwa njaa ya kweli usiliogope. Lililofanywa kwa faida, lilete. Yeye atapima, naye atakushauri."

Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza, bila dharau: "Nawe, Mwalimu, makala ya mbabula yako hutoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Ninanunua gunia lililo rahisi, kama kila mtu, na sikuwahi kumuuliza muuzaji hata siku moja. Nilikuwa nimetumia siku kadhaa nikipima dhambi ya aliyebeba, na huku mimi ndiye ninayemtuma, kwa fedha zangu, bila kumwona. Kumbe katika kuungama kule tulipaswa kwenda wawili.

Tangu siku hiyo ninauliza. Mara nyingine muuzaji hukasirika, mara nyingine hucheka. Nimeanza pia kupanda miti michache kando ya shamba, ingawa najua itakuwa kuni za watu wengine kuliko zangu. Yule mama amechukua miche mitano. Si jambo kubwa. Lakini nimeelewa kwamba konservateri hakai Rumangabo peke yake, wala katika ofisi ya ardhi. Mzazi ni konservateri wa mtoto, kwa kuwa mtoto si mali yake. Mwandishi wa parokia ni konservateri wa vitabu vya Ubatizo, ambavyo mtu aliyekimbia vita atakuja kuvitafuta siku moja apate kuonyesha jina lake. Chifu ni konservateri wa amani ya kijiji. Na kila mmoja wetu, anapowasha mbabula jioni, ameshika mkononi kitu kilichotoka mahali, na kwa watu fulani.

Jumapili inayofuata wale mama wawili watakaa tena katika benchi moja, na watapeana mkono wa amani. Tumwombe Mungu, Mtunzaji wa vyote, kwa maombezi ya Mwenyeheri Floribert, mkono ule uwe wa kweli. Nasi tumsaidie, kila mtu mahali alipokabidhiwa.